Jua la Nyegezi na rangi ya picha za droni

Ukipandisha droni juu ya Nyegezi, jijini Mwanza, kamera inakutana na vitu vinne visivyopatana kwa mwanga. Kuna maji ya Ghuba ya Mwanza, ambayo kwa saa fulani za mchana hurudisha jua lote machoni. Kuna majabali ya itale vilimani, yenye kijivu cha namna nyingi. Kuna mabati, mapya yanayomeremeta na ya zamani yaliyoshika kutu, nyumba juu ya nyumba mpaka kileleni. Halafu kuna kijani kizito cha miembe na migomba, na watu wanaopita chini yake kivulini. Jicho la binadamu linavimudu vyote vinne kwa sababu linajirekebisha kila linapohama. Kamera ya droni yenye sensa ndogo lazima ichague. Ikitafuta sura za watu kivulini, maji na mabati yanaungua na kuwa meupe. Ikiyalinda maji, watu wanageuka vivuli vyeusi.

Matokeo yake tunayaona kila siku kwenye simu zetu: anga nyeupe isiyo na wingu, ziwa lisilo na rangi, mabati yanayoumiza macho. Mhariri anapotaka kuokoa jahazi anakoza rangi, na hapo ziwa linapata samawati ya bahari ya Nungwi, Zanzibar, na majani yanafanana na plastiki. Ninachokisema katika uchambuzi huu ni kwamba sehemu kubwa ya kazi ya rangi inamalizika kabla droni haijatua, na kwamba kazi inayobaki kwa mhariri ina mpaka ambao hapaswi kuuvuka: ziwa lililopigwa picha lazima libaki kuwa Ziwa Viktoria.

Mwanza si mgeni wa droni. Mwaka 2018 droni ya kampuni ya DHL, iliyoundwa na Wingcopter ya Ujerumani na kuendeshwa kwa ushirikiano na shirika la GIZ, ilifanya majaribio ya kupeleka dawa kisiwani Ukerewe, safari ya kilomita 60 kwa wastani wa dakika 40. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huohuo wataalamu wa droni walikusanyika jijini kwa shindano na kongamano la Lake Victoria Challenge. Hizo zilikuwa droni za kubeba mizigo. Zilizoenea mitaani ni za kamera, na Nyegezi ina kila sababu ya kuzitumia. Hapa ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, SAUT, kilichoanza mwaka 1960 kama taasisi ya mafunzo ya jamii na kuwa chuo kikuu mwaka 1998, na ambacho jina lake limekwenda mbali kwa kusomesha waandishi wa habari. Hapa kuna chuo cha uvuvi, stendi kubwa ya mabasi, viwanja vinavyotafuta wanunuzi na fukwe zinazotafuta maharusi. Ukiendelea na ghuba kuelekea kusini unalikuta Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025 na kupigwa picha za angani pengine kuliko kitu kingine chochote cha Kanda ya Ziwa. Kila mwenye droni anaambiwa apige hilo daraja. Wachache wanauliza alipige saa ngapi.

Swali la saa ndilo la kwanza, na majibu yanayopatikana kwenye video za mafunzo kutoka Ulaya na Marekani hayatufai sana. Kule mwalimu anamwambia mwanafunzi apige picha katika saa ya dhahabu, ile saa nzima ya mwanga laini baada ya jua kuchomoza na kabla ya kuzama. London inaipata saa hiyo kwa sababu jua lao linapanda kwa mshazari. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa Ikweta, na jua la hapa linapanda karibu wima, nyuzi 15 kwa saa au pungufu kidogo kulingana na mwezi. Kwa hiyo nyuzi 6 za kwanza, ambazo ndizo zenye ule mwanga wa dhahabu, zinakwisha kwa dakika 25 hivi. Saa mbili baada ya kuchomoza jua limeshafika karibu nyuzi 30, vivuli vimekatika, na itale imeanza kupauka. Mpiga picha wa Nyegezi ana nusu saa asubuhi na nusu saa jioni. Betri moja, mbili kwa wingi.

Hiyo nusu saa nayo haiko pale ambapo mtu aliyezoea Dar es Salaam anaitarajia. Saa za Afrika Mashariki zimepangwa kwa kufuata longitudo ya nyuzi 45, ambayo iko mashariki kabisa mwa Tanzania. Mwanza iko karibu na nyuzi 33. Tofauti hiyo ni ya dakika 48, kwa hiyo utosi wa jua hapa haufiki saa 6 kamili mchana. Kwa wastani unafika saa 6 na dakika 48, ukisogea mbele au nyuma kwa robo saa hivi kulingana na mwezi. Jua linachomoza kwenye saa 12 na dakika 45 asubuhi na kuzama karibu na saa moja kasorobo jioni, dakika 25 nyuma ya Dar es Salaam. Mtu akitoka Dar usiku na kufika ufukweni Luchelele saa 12 na robo asubuhi, atakuta giza bado halijaondoka. Asilaumu hali ya hewa, asubiri tu.

Baada ya saa kuna mwelekeo, na hapa jiografia ya Nyegezi inatoa zawadi ambayo wengi hawaitumii. Nyegezi imekaa ukingo wa mashariki wa ghuba. Jua linachomoza nchi kavu, nyuma ya vilima, na kuzama majini upande wa Sengerema. Asubuhi, basi, droni iliyosimama juu ya makazi na kuelekeza kamera ziwani ina jua mgongoni. Mwanga unaingia majini badala ya kurudi kwenye lenzi, na rangi halisi ya maji inaonekana: kijani, hudhurungi karibu na mdomo wa mto au mfereji, samawati ya kijivu katikati ya ghuba. Mitumbwi inaonekana na rangi zake zote. Jioni mambo yanageuka. Ukiendelea kuelekeza kamera ziwani unapata mng'ao na mitumbwi myeusi, picha nzuri ya dakika chache lakini isiyo na rangi. Anayetaka rangi jioni aipeleke droni juu ya maji, aigeuze, aitazamishe nchi kavu. Hapo majabali yanapokea jua la magharibi usoni, nyufa zote zinajitokeza, mabati yaliyoshika kutu yanawaka, na hata kuta za tofali za kuchoma zinapata uhai. Asubuhi tazama ziwa, jioni tazama mji. Kwa ukingo huu wa ghuba sijui kanuni yenye faida kuliko hiyo, na haihitaji senti moja.

Msimu unaongeza mengine. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba jua la mchana linapita kaskazini mwa Nyegezi. Miezi iliyobaki linapita kusini. Mwezi Juni hufika nyuzi 64 juu ya upeo, Desemba nyuzi 69, na katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba hukaa utosini kabisa. Siku hizo za utosini kamera inayotazama chini moja kwa moja juu ya maji inapokea jua lote kama kioo kinavyolirudisha, na hakuna programu itakayoliondoa lile doa jeupe katikati ya picha. Jengo linalotazama kusini litakuwa na kivuli usoni Juni nzima. Mwenye hoteli anayetaka picha ya uso wa jengo lake aambiwe hivyo mapema, kabla hajalipa.

Kiangazi, kati ya Juni na Septemba, hewa inajaa moshi wa nyasi na mashamba yanayochomwa, pamoja na vumbi la barabara. Ng'ambo ya ghuba inafifia na kuwa tabaka la samawati iliyopauka. Programu nyingi za kuhariri zina kipimo cha kuondoa ukungu, na mtu anaweza kukivuta mpaka mwisho, lakini kipimo hicho kinachofanya ni kukuza tofauti ndogo iliyobaki kati ya kitu na kitu. Kinakuza pia chenga, na kinaacha utepe mweusi kandokando ya vilima. Dawa ya ukungu ni kupunguza hewa iliyopo kati ya lenzi na kitu. Shuka chini, sogea karibu, acha kutamani kuionyesha Sengerema nzima kwenye fremu moja. Au subiri mvua. Asubuhi inayofuata mvua ya usiku, wakati wa vuli au masika, vumbi limeoshwa, itale bado imelowa na imekuwa nyeusi, udongo umekolea, na mbali kunaonekana. Asubuhi moja ya namna hiyo inazidi wiki nzima ya Agosti.

Sasa tuje kwenye kamera yenyewe. Droni nyingi zinazotumika hapa zina tundu la lenzi lisilobadilika, tuseme f/2.8. Jua kali la saa nne asubuhi, kwa ISO 100, linailazimisha kamera ya namna hiyo kufungua shata kwa sehemu ya 1 kwa 3200 ya sekunde. Video ya fremu 25 kwa sekunde hupendeza ikiwa shata iko kwenye 1 kwa 50, kwa sababu kila fremu inabeba mwendo kidogo na jicho linaona mtiririko. Kwenye 1 kwa 3200 kila kiwimbi cha ziwa kinagandishwa peke yake, na mng'ao wa maji unakuwa maelfu ya vidoa vyeupe vinavyorukaruka. Watu huiona video hiyo wakasema rangi ni kali, kumbe tatizo ni shata. Kutoka 3200 hadi 50 ni mara 64, kwa hiyo filta ya kupunguza mwanga inayotakiwa ni ND64. Alfajiri, mwanga ukiwa mdogo, ND8 inatosha. Droni zenye tundu la f/1.7 zinapokea mwanga karibu mara tatu zaidi na zinataka filta nzito zaidi.

Tahadhari moja kuhusu filta za bei rahisi zinazouzwa kwa pakiti: baadhi zina rangi yake. Zinaitia video yote ukijani au uzambarau hafifu, na mhariri anahangaika nao bila kujua umetoka wapi. Tandika karatasi nyeupe juani, ipige bila filta, kisha ipige na kila filta uliyonayo. Filta inayobadilisha weupe wa karatasi iache nyumbani.

Kipo pia kioo cha polaraiza, kinachokata mng'ao wa juu ya maji. Kwa klipu ambayo droni inakwenda mbele bila kugeuka kinasaidia sana, hasa kwenye kina kifupi penye mawe yaliyozama. Droni ikizunguka, nguvu yake inabadilika kadiri pembe ya jua inavyobadilika, na anga linakuwa na upande mweusi na upande mweupe. Kwa picha za kuzunguka jabali kisitumike.

Baada ya hapo kuna mambo mawili ambayo kamera ikiachiwa iamue yenyewe itaharibu kazi. La kwanza ni mizani ya weupe. Ikiwa kwenye otomatiki, droni inapotoka juu ya nchi yenye udongo mwekundu kwenda juu ya maji, kamera inadhani taa zimebadilishwa na kuanza kusogeza rangi katikati ya klipu. Mchanga unaanza njano na kuishia kijivu. Ifunge kwenye kelvini 5600 kwa mchana na uiache hapo, hata jioni, kwa sababu wekundu wa jioni ndio ulioufuata. La pili ni kiasi cha mwanga. Kilichoungua hakirudi: bati lililokuwa jeupe kabisa kwenye faili halina taarifa yoyote ya kurejesha. Kivuli kinaweza kuinuliwa kidogo, kwa gharama ya chenga. Kwa hiyo washa ile michirizi ya tahadhari inayoonyesha sehemu zinazoungua, kisha punguza mwanga mpaka michirizi ibaki kwenye bati moja mbili mpya tu na kwenye jua lenyewe.

Aina ya faili nayo ina uzito wake. Video ya biti 8 ina ngazi 256 kwa kila rangi ya msingi, yaani rangi milioni 16.7. Ya biti 10 ina ngazi 1,024, zaidi ya rangi bilioni moja. Kwenye picha ya soko tofauti hiyo huioni. Kwenye anga la jioni juu ya ghuba, ambapo rangi inatoka chungwa kwenda zambarau polepole bila kitu chochote cha kuikatiza, biti 8 zikikozwa zinaacha mistari kama ngazi. Mwenye droni ya biti 10 na mkao wa logi, ule unaotoa video iliyopauka makusudi ili kuhifadhi mwanga na kivuli, autumie jioni. Mwenye biti 8 asijilazimishe kuutumia mkao huo. Apige kwa rangi ya kawaida, apunguze ukolevu na ukali kwenye mipangilio, na afanye marekebisho madogo tu. Kwa wote wawili, faili zirekodiwe kwa kiwango kikubwa kabisa cha data ambacho droni inakubali, maana mawimbi madogo ya ziwa ndiyo yanayoitesa kamera kuliko kitu kingine: kila fremu ni mpya, hakuna kinachojirudia, na data ikipungua maji yanakuwa uji.

Tuchukue sasa klipu moja tuione mezani. Ni ya jioni. Droni imetoka nchi kavu hadi juu ya maji, imegeuka na inarudi taratibu kuelekea ufukweni. Mbele kuna mitumbwi miwili imevutwa mchangani, nyuma yake mafunjo, nyuma zaidi majabali na nyumba. Imepigwa kwa logi, imepauka yote. DaVinci Resolve, programu ambayo Blackmagic Design inaitoa bure, ina grafu ya mwanga, na hiyo ndiyo ya kutazama kabla ya picha yenyewe, kwa sababu jicho linazoea haraka na grafu haizoei. Kwanza faili inarudishwa kutoka logi kwenda Rec. 709, kiwango cha rangi cha televisheni na skrini za kawaida, kwa kutumia ubadilishaji uliotengenezwa kwa ajili ya kamera hiyohiyo. Kisha vivuli vya mafunjo vinashushwa mpaka vikaribie sakafu ya grafu bila kuigusa, na bati angavu linawekwa chini kidogo ya dari. Hapo picha imepata mwili. Halafu inatafutwa rangi isiyo na upande, na Nyegezi imejaa rangi hiyo: itale. Sehemu ya jabali iliyo kivulini hupokea mwanga wa anga peke yake, kwa hiyo itakuwa na usamawati, na ni haki yake. Sehemu iliyo juani itakuwa na uchungwa. Ukizilazimisha zote mbili kuwa kijivu umeifuta jioni. Acha tofauti hiyo, hakikisha tu haina ukijani wala uzambarau.

Ukolevu unaongezwa mwisho na kwa mkono mwepesi. Kijani cha majani ndicho kinachotoka mapema kwenye uhalisia, kwa hiyo kishushwe peke yake kidogo na kusogezwa kuelekea njano, kwani miembe ya hapa haina kijani cha neoni. Ikiwa maji yako kwenye nusu ya chini ya fremu, barakoa laini inaweza kuyashusha mwanga kwa kiasi ambacho mtazamaji hatakigundua. Anga likihitaji kufanyiwa hivyo pia, lifanyiwe mara moja. Hapo klipu imekwisha. Anayeendelea kuivuta baada ya hapo mara nyingi anarekebisha marekebisho yake mwenyewe.

Violezo vya rangi, vile ambavyo mafundi wanaviita LUT, vinauzwa mtandaoni kwa mafungu na vinarahisisha kazi. Sina ugomvi na kiolezo kinachotafsiri logi ya kamera fulani. Ugomvi wangu ni na vile vinavyoahidi sura ya sinema, maana vimepimwa kwenye pwani za California, misitu ya Norway na jangwa la Utah. Vingi kati ya hivyo vinasukuma vivuli kwenda samawati ya kijani na ngozi kwenda chungwa. Ukiviweka juu ya Nyegezi, itale inapata uchungwa wa mchanga wa jangwa na ghuba inapata rangi ya bahari yenye matumbawe. Mtazamaji wa Arusha au Muscat ataamini. Mtu wa Mwanza atajua mara moja kwamba hapo si kwao.

Hapa suala linavuka ufundi. Ukijani wa maji ya ghuba una maana. Sehemu yake ni mwani unaostawi kwa naitrojeni na fosforasi kutoka mashambani na kwenye majitaka ya miji, hali ambayo wanasayansi wa Ziwa Viktoria wameifuatilia kwa miongo mingi. Magugu maji yaliyovamia ziwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 yanaonekana vizuri zaidi kutoka juu kuliko kutoka mahali pengine popote. Mhariri akiugeuza ukijani huo kuwa samawati safi, amefuta dalili ya ugonjwa kwenye picha ambayo kesho itatumiwa na gazeti, mwalimu au mwekezaji. Katika tangazo la hoteli tunaweza kusema ni mapambo. Katika habari, ripoti au filamu ya makala, huo ni uongo, na natamani walimu wa uandishi wa habari waukemee kama wanavyokemea kubadilisha maneno ya mtu aliyehojiwa.

Mwanza inajua uzito wa picha. Filamu ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare, ya mwaka 2004, inaanza na kivuli cha ndege kikiteleza juu ya maji ya ziwa, kisha inauonyesha mji huu kwa namna iliyowauma wengi. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliikosoa hadharani kwamba inaichafua nchi. Mjadala ule ulikuwa juu ya sangara, silaha na umaskini, lakini ndani yake kulikuwa na swali la nani anaitia Mwanza rangi gani. Jibu la picha inayotia giza si picha inayotia sukari. Kizazi kinachorusha droni leo kina nafasi ambayo zamani ilikuwa ya wenye ndege: Bernhard na Michael Grzimek walihitaji Dornier iliyopakwa milia ya pundamilia kupiga picha za angani za filamu yao ya Serengeti iliyotoka mwaka 1959. Leo kifaa cha gramu 249 kinatoshea mfukoni mwa koti. Nafasi hiyo isitumike kujitengenezea ziwa la kubuni.

Harusi zina kipimo chake cha ukweli, na ni kikali. Bwana harusi anaweza kusamehe ziwa lililokozwa, lakini mashangazi hawatasamehe sare iliyobadilika rangi. Kitambaa cha zambarau kilichochaguliwa kwa vikao kinapotokea bluu kwenye klipu za droni na zambarau kwenye klipu za kamera ya chini, simu zitapigwa. Kabla ya kuruka, piga kipande cha kitambaa hicho kwa kamera zote mbili mahali pamoja, chini ya jua lilelile, ili mezani uwe na cha kulinganishia. Ngozi nazo ziangaliwe kwenye duara la rangi: ngozi za watu wote, nyeusi na nyeupe, huangukia karibu na mstari mmoja wa rangi, tofauti ikiwa kwenye mwanga wake. Ngozi yetu ikitoka kwenye mstari huo huwa ya kijivu au nyekundu ya tofali, na wahariri wengi huitibu kwa kuongeza mwanga wa picha nzima, jambo linaloiunguza shela ya bibi harusi. Inua eneo la kati peke yake. Na usipige shela nyeupe saa saba mchana.

Wanaotengeneza ramani wana mahitaji yanayopingana na haya. Waliorusha droni juu ya Zanzibar nzima kwa ajili ya ramani, mradi ulioanza mwaka 2016, hawakutafuta vivuli virefu. Mwenye kupima anataka jua la juu au wingu jembamba, ili kivuli cha nyumba moja kisifunike mpaka wa jirani. Mwanafunzi asichanganye ushauri wa kazi hizo mbili.

Usiku wa uvuvi wa dagaa nao unastahili maneno yake. Giza la mwezi likifika, mitumbwi inatawanyika ghubani na taa zake, zamani karabai, sasa zaidi taa za sola, na ziwa linafanana na mji wa pili. Kamera ya droni ikipandishwa saa tatu usiku inaona nukta nyeupe zilizoungua kwenye weusi uliojaa chenga. Muda wake ni robo saa inayofuata magharibi, wakati anga bado lina samawati ya kutosha kuchora vilima na taa zimeshawashwa. Hapa kwetu utusitusi huo unakwisha kwa dakika 22 hivi, kwa hiyo droni iwe imeshapaa. Mizani ya weupe ifungwe karibu na kelvini 4500, ili karabai ibaki na unjano wake na taa ya sola ibaki na ubaridi wake. Mitaani, ambako umeme ni wa hezi 50, shata iwe 1 kwa 50 au 1 kwa 100, ama sivyo taa zitapepesa.

Kuhusu vibali nitasema kwa ufupi. Kanuni za droni za mwaka 2018 ziko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na Kisiwa cha Saanane kilicho jirani ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013, kwa hiyo hakirukiwi bila ruhusa ya shirika la hifadhi za taifa, TANAPA. Kinachohusu mada yetu ni hiki: anayeomba kibali aandike muda wa alfajiri na jioni kwenye maombi yake, na aliye na nia ya kuruka baada ya jua kuzama aulize waziwazi. Kibali cha saa nne hadi saa tisa mchana ni kibali cha picha zilizopauka.

Mwisho, fikiria skrini ya mtazamaji. Wengi wataiona kazi yako kwenye simu ya bei nafuu, juani, baada ya WhatsApp kuibana. Itazame hapo kabla ya kuikabidhi. Vivuli vilivyopendeza kwenye kompyuta chumbani mara nyingi vinakuwa shimo jeusi kwenye simu hiyo, na kuinua kidogo eneo la kati kunatosha.

Nina ombi moja kwa kila anayerusha droni kati ya Butimba na Luchelele. Ukimaliza kuipamba klipu ya mteja, usiifute ile ya asili. Iandike tarehe, saa, mahali na mipangilio ya kamera, uiweke. Mwaka 2020 maji ya ziwa yalipanda yakameza fukwe na mashamba, na waliotaka kuonyesha ufukwe ulikuwa wapi kabla ya hapo walihitaji picha zenye tarehe. Mwani nao hauna kumbukumbu nyingine mitaani zaidi ya picha zetu. Vyuo vya Nyegezi, cha habari na cha uvuvi, viko karibu kiasi cha kutosha kuanzisha hifadhi moja ya faili hizo, zikiwa na rangi kama zilivyotoka kwenye kamera.